Kalamu yangu nyeusi imetoa njano: ni feki au imechakaa tu?

Jamani wadau, leo tuipumzishe siasa kidogo. Nataka kuongelea kalamu. Najua kuna mtu hapo amelipia nusu saa yake kwenye kafe na anajiuliza kalamu inamhusu nini. Vumilia ndugu yangu. Jambo hili limenifanya nimuite mzee wa watu tapeli mbele ya wateja wake, na nilikuwa nimekosea. Nikieleza vizuri huenda nikamwokoa mwingine asifanye ujinga kama wangu, na huenda ukaokoa pia simu yako, redio yako au chochote cheusi kisichong'aa ulichonacho.

Ilikuwa hivi. Kuna mzee anatandaza meza yake maeneo ya Posta, anauza saa na kalamu zilizokwishatumika. Nikanunua kwake kalamu ya wino, ile ya nibu, sio biki. Nyeusi ti, haing'ai hata chembe, yaani ile rangi wanayoiita mati. Imetulia, nzito mkononi. Nililipa shilingi 60,000, ambayo kwangu mimi sio hela ya mchezo. Nikawa natembea nayo mfuko wa suruali, pamoja na funguo na chenji za daladala.

Miezi minane baadaye naitazama, kwenye ukingo wa kifuniko pametokea mstari wa njano. Chini ya klipu napo njano. Na pale ninapoishika nikiandika, ule weusi uliotulia umeanza kung'aa kama paji la uso lenye jasho. Nikajisemea: nimepigwa. Nikaenda mpaka pale mezani, watu wamejaa, nikapaza sauti: "Mzee umeniuzia feki!" Jamaa mmoja aliyekuwa ameshatoa pochi akairudisha mfukoni, akaondoka zake. Mzee akaichukua kalamu, akaigeuza, akaniambia taratibu: "Kijana, hiyo njano ndiyo kalamu yenyewe. Nyeusi ilikuwa nguo tu." Sikumwelewa. Niliondoka nimefura.

Baadaye nimekaa nimesoma, nimeuliza, nimejaribu mwenyewe na kuharibu mwenyewe. Sasa namwelewa. Tuanze.

Kwanza, kwa nini kitu haking'ai?

Watu wengi wanadhani mati ni aina ya rangi. Hapana. Mati ni umbo la uso wa kitu. Ukichukua uso laini kabisa, kama kioo, mwanga ukiupiga unarudi wote kwa upande mmoja, ndiyo maana unajiona. Ukiufanya uso huohuo uwe na vilima na mabonde madogo sana, mwanga unarudi huku na kule, unatawanyika. Jicho halioni mng'ao, linaona utulivu. Vilima vyenyewe ni vidogo mno. Mwanga tunaouona una mawimbi ya kati ya mikromita 0.4 na 0.7, na unywele mmoja wa kichwa una unene wa kama mikromita 70 hivi. Kwa hiyo hata vilima vya mikromita moja mbili vinatosha kabisa kuvuruga mwanga.

Sasa fikiria kinachotokea ukivisugua vilima hivyo kila siku. Vilele vinalika, vinakuwa bapa. Uso unarudi kuwa laini, na uso ukiwa laini unang'aa. Ndio hadithi yote. Kitu kinachong'aa kikichakaa kinapoteza mng'ao, na kitu kisichong'aa kikichakaa kinaanza kung'aa.

Huamini? Tazama kibodi uliyowekea vidole sasa hivi hapo kafe. Kama sio mpya, herufi A itakuwa inang'aa kuliko herufi Q. Kiswahili kinapenda A kupita kiasi, hebu hesabu zimo ngapi kwenye "habari za asubuhi". Vitufe vya kibodi nyingi vinafinyangwa kwa plastiki iitwayo ABS, vikitoka kiwandani vina uso wa mchangamchanga. Vidole vya wateja wa kafe vimeshausawazisha. Ubao wa shule nao hivyohivyo: ukifutwa miaka na miaka unang'aa, chaki inateleza, na aliyekaa upande wa dirisha haoni kitu mpaka upakwe rangi upya. Na ile suruali ya shule ya kitambaa cheusi iliyokuwa iking'aa sehemu ya kukalia, naamini kila mtu anaikumbuka.

Sio kila mng'ao ni kuchakaa

Hapa ndipo wengi tunapopigwa chenga. Kuna mng'ao wa mafuta. Ngozi inatoa mafuta, yanaingia kwenye yale mabonde na kuyajaza. Mabonde yakijaa, uso unakuwa laini kwa muda, mwanga unarudi pamoja. Ni kama barabara ya lami mvua ikinyesha usiku: inang'aa na kuonekana nyeusi zaidi, lakini asubuhi ikikauka imerudi ilivyokuwa.

Kwa hiyo kabla hujalia, fanya jaribio hili. Maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, kitambaa laini cha pamba. Pangusa, suuza, kausha. Kama mng'ao umeondoka, yalikuwa mafuta tu. Kama umebaki palepale, vilele vimekwisha, na hakuna sabuni ya kuvirudisha.

Mimi sikufanya hivyo. Nilirudi nyumbani na hasira zangu nikachukua dawa ya meno, nikasugua nikidhani nasafisha. Dawa ya meno ina unga wa kusagia ndani yake, ndiyo kazi yake, kukwangua uchafu kwenye meno. Dakika tano tu nikawa nimetengeneza duara linalong'aa katikati ya mwili wa kalamu, mahali ambapo hapakuwa na tatizo lolote. Na ile njano ya ukingoni ikapanuka. Yaani niliizeesha kalamu miaka mitatu kwa dakika tano.

Mati ziko za aina nyingi, na kila moja inakufa kivyake

Hili ndilo jambo muhimu kuliko yote. Kabla hujanunua au kulaumu, uliza: huu weusi ni wa juu tu au umeingia mpaka ndani?

*1. Ambayo rangi ni ya mwili mzima.* Mfano maarufu ni Lamy 2000 ya Ujerumani. (Lamy jina la familia, sio lami ya barabara.) Ilitoka mwaka 1966, ikachorwa na Gerd A. Müller, na mpaka leo bado inatengenezwa, umbo karibu lilelile. Mwili wake ni Makrolon, plastiki ya aina ya polikaboneti iliyotokana na kazi ya kampuni ya Bayer miaka ya 1950, ikachanganywa na nyuzi za kioo ili iwe ngumu. Haikupakwa rangi. Uso wake umesuguliwa kwa mistari midogomidogo ndiyo ukatulia. Kalamu kama hii ikitumika sana inang'aa pale inaposhikwa, lakini haitatoa njano kamwe, kwa sababu ndani na nje ni kitu kimoja. Lamy Safari ya mwaka 1980, ile ya plastiki ya ABS, nayo ina toleo la kijivu cheusi lisilong'aa, na rangi yake imo ndani ya plastiki yenyewe.

Chuma kisichoshika kutu kilichosuguliwa mati kimo kwenye kundi hili pia. Parker 51, kalamu iliyoanza kuuzwa mwaka 1941, nyingi zilikuwa na vifuniko vya chuma cha namna hiyo. Ukikuta cha zamani kinang'aa kama kijiko, kuna mtu alikisugua akidhani anakisafisha.

*2. Iliyopakwa rangi juu ya shaba.* Hii ndiyo yangu. Mwili ni shaba ya njano, ile ya bomba la maji. Watengenezaji wanaipenda kwa sababu inachongeka vizuri na ina uzito wa kupendeza mkononi. Juu yake inapulizwa rangi nyeusi. Ili isingae, rangi inachanganywa na chembe ndogo sana, mara nyingi za silika, zinazochomoza juu ikikauka. Chembe hizo ndizo vile vilima vyetu.

Kwa nini njano inaanzia ukingoni? Kuna sababu mbili. Ya kwanza, rangi ikiwa bado mbichi haipendi kona kali. Inajivuta kutoka kwenye kona kwenda kwenye uwanda, kwa hiyo rangi ya ukingoni ni nyembamba tangu siku ya kwanza, hata kama fundi ni hodari. Ya pili, ukingo ndio unaogusana na dunia. Nguvu ileile ikikaa kwenye sehemu ndogo inauma zaidi, kama kisu. Tabaka jembamba likapata msuguano mkubwa, unategemea nini?

*3. Alumini iliyopitishwa kwenye anodaizi.* Hii haipakwi. Alumini inatumbukizwa kwenye tindikali na kupitishwa umeme, uso wake wenyewe unageuka kuwa oksidi ngumu yenye vitundu vidogo, vitundu vinanyonya rangi, kisha vinazibwa. Kwa kuwa tabaka limeota kutoka kwenye metali yenyewe, halibanduki kama ganda. Oksidi ni ngumu sana, ila chini yake alumini ni laini. Ukiiangusha inabonyea, na pale ilipobonyea utaona doa la fedha. Adui yake mwingine ni vitu vyenye magadi makali na dawa za kuzibulia mabomba, vinakula ile oksidi. Kaweco, Wajerumani wengine, wanauza alumini yao kwa toleo ambalo tayari limechakazwa kiwandani makusudi. Yaani kuna watu wanalipia kile nilichomgombeza nacho mzee wa watu.

*4. PVD.* Hapa kalamu inaingizwa kwenye chumba kisicho na hewa, metali inageuzwa mvuke na kugandishwa juu yake. Tabaka ni jembamba ajabu, mara nyingi mikromita chache tu, lakini ni gumu kuliko rangi yoyote ya kupuliza. Juu ya chuma inadumu sana. Juu ya metali laini ni kama ganda la yai juu ya godoro: ganda ni gumu, ila godoro likibonyea ganda linapasuka.

*5. Ya mpira mpira.* Hii inapendeza siku ya kwanza, inashikika kama ngozi ya mtoto. Tahadhari hasa kwa sisi wa Pwani. Nyingi ya aina hii ni poliyurethini, na baadhi yake huvunjikavunjika taratibu kwa joto na unyevu wa hewa. Baada ya miaka inaanza kunata kama ulimbo, vumbi linagandia. Umeshaiona kwenye redio, darubini na mausi za kompyuta. Kalamu ikifikia hapo, wengine huondoa tabaka lote kwa spiriti na kubaki na plastiki tupu ya chini. Imekwisha kuwa mati, lakini angalau inashikika.

Kinachokula kalamu ni nini hasa?

Kidole chako peke yake hakina ugumu wa kukwangua shaba. Kinachokwangua ni vumbi. Mchanga wetu mwingi ni kwazi, na kwazi kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ni 7, wakati shaba ya njano inacheza kwenye 3 hivi, na rangi na plastiki ni laini zaidi. Mfuko wa suruali ukiugeuza nje utaona mchanga kwenye kona ya chini. Huo ni msasa, na kila hatua unayotembea unaupiga msasa mwili wa kalamu. Ongeza funguo na sarafu, basi.

Halafu kuna kile kitendo cha kuchomeka kifuniko nyuma ya kalamu wakati wa kuandika. Kinazunguka palepale kila siku, kinaacha pete. Nilipoichunguza yangu, pete ilikuwepo, safi kabisa kama imechorwa kwa bikari. Na klipu, kila ukiichomeka na kuichomoa shatini, ncha yake inachimba mstari mmoja.

Sasa feki utaijuaje?

Hapa ndipo nilipomkosea mzee. Uchakavu wa kweli una mantiki: uko pale panapoguswa. Ukingo, chini ya klipu, mahali pa vidole, pete ya nyuma. Na mpaka wake unafifia taratibu, nyeusi inakuwa nyembamba, kisha kahawia, kisha njano.

Rangi iliyopakwa vibaya haina mantiki hiyo. Inabanduka kwa vipande, mpaka wake mkali kama ramani ya kisiwa, na inaweza kubanduka hata mahali ambapo hakuna anayepagusa. Au inatoa malengelenge. Ukiona hivyo, hapo sawa, rudi dukani ukaulize. Lakini hata hiyo haithibitishi kuwa ni feki. Inathibitisha tu kwamba rangi haikushika. Jina lililochongwa, nibu na namna vipande vinavyokaa pamoja vitakuambia zaidi kuliko rangi.

Mnaonunua kwa picha za mtandaoni: ombeni picha tatu. Ukingo wa kifuniko, chini ya klipu, na mahali pa kushika, zipigwe karibu na dirisha bila flashi. Flashi inaficha mng'ao au inauongeza, inategemea imepigwa kutoka wapi. Na mkiona kalamu kuukuu ya mati imekuwa inang'aa sawasawa mwili mzima, jueni imesuguliwa.

Dawa ipo?

Kwa zile za rangi ya mwili mzima, ndiyo, kwa tahadhari. Wapo wanaopitisha sifongo ngumu ya kusugulia, ile ya nyuzi laini kabisa, kwa wepesi mno, kufuata mistari ilipoelekea, na vilima vinarudi. Ila kila ukipitisha unaondoa kidogo, na hakuna kurudisha. Ile waya ya kusugulia sufuria usiiguse kabisa.

Kwa zilizopakwa rangi, anodaizi na PVD, hakuna dawa ya nyumbani. Ukisugua unamalizia tabaka lililobaki. Ama upeleke kwa fundi aondoe rangi yote na kupaka upya, ama uiache izeeke kwa heshima. Brasso, dawa ya meno na majivu, weka mbali. Dawa ya kutolea rangi ya kucha nayo iwe mwiko: ile yenye asetoni inayeyusha ABS na kuharibu polikaboneti. Hutapata mati, utapata uji.

Kinga ni rahisi. Kalamu ipate mfuko wake peke yake, hata soksi ya mtoto inafaa. Usiiweke na funguo. Wino ukimwagika pangusa saa hiyohiyo, kwa sababu mabonde yanaushika kuliko uso laini. Na kama una mazoea ya kuchomeka kifuniko nyuma, acha, au ukubali pete.

Namalizia

Wiki iliyopita nilirudi Posta. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, nikamweleza mpaka habari ya dawa ya meno. Alicheka kwa dawa ya meno, ila kwa lile la kupaza sauti hakucheka. Akaniambia yule mteja aliyeondoka siku ile hajarudi. Alikuwa ashike kalamu ya 90,000. Nilikosa la kusema. Radhi nimeomba, lakini hela ya mtu siwezi kuirudisha kwa radhi. Nikamwambia nitaandika, na nimeandika.

Kalamu bado ninayo. Njano imeongezeka ukingoni, lile duara langu la dawa ya meno linang'aa katikati kama kovu, na inaandika vizuri kama siku ya kwanza, maana nibu haijui habari za rangi. Ila siku hizi nikitaka kumwambia mtu "umeniuzia feki", kwanza naiosha kwa sabuni, halafu naitazama vizuri imechakaa wapi.

Haya wadau, uwanja wa maoni uko hapo chini. Mwenye kalamu, simu au kibodi iliyochakaa atuambie imechakaa wapi, tuone kama mantiki yangu inashika. Na mafundi wa rangi mliopo humu, kama nimeteleza mahali nisahihisheni bila kunionea haya. Nimeshazoea kukosea hadharani.